Kuku wa Mngeta: usugu wa dawa huanzia bandani

Kuku wakianza kuzubaa na kuharisha, mfugaji wa Mngeta, mkoani Morogoro, huwahi duka la dawa za mifugo. Hurudi na pakiti ya OTC au ya enrofloksasini, akaikoroga kwenye maji, kundi zima likanywa, wagonjwa kwa wazima. Ikiwa ugonjwa wenyewe ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, dawa hiyo haitibu kitu. Mdondo huletwa na kirusi, na antibayotiki haziui virusi.

Hata hivyo dozi ile haipiti bure. Ndani ya utumbo wa kuku wanaishi bakteria wengi, wakiwemo E. coli, salmonela na kampilobakta. Dawa huua walio dhaifu. Wanaoihimili hubaki na kuzaliana, tena baadhi yao huwarithisha bakteria wa aina nyingine vinasaba vya uwezo huo. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi.

Usugu huo unamgusa binadamu kwa sababu dawa zetu na za kuku ni ndugu. OTC, yaani oksitetrasaiklini, ni ya ukoo mmoja na doksisaiklini tunayoandikiwa hospitalini. Enrofloksasini, ikishaingia mwilini mwa kuku, sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini, nayo ni dawa ya binadamu. Marekani ilipiga marufuku kuwapa kuku enrofloksasini mwaka 2005, baada ya kampilobakta sugu kuongezeka kwa watu. Ulimwenguni kote, usugu wa bakteria ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019.

Bakteria hao hufikaje mezani? Wakati wa kuchinja, kinyesi hugusa nyama. Kuku kadhaa wakichovywa katika ndoo moja ya maji ya moto ili wanyonyolewe, uchafu wa mmoja huwafikia wote. Jikoni, kisu na kibao vilivyokatia nyama mbichi vikikatia nyanya za kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni, bakteria wamepata njia. Friji huwapunguza kasi tu. Moto ndio unaowaua: nyama ikifika nyuzijoto 70 hadi ndani kabisa, hata bakteria sugu hufa, kwa kuwa kuishinda dawa si kuushinda moto. Kwa hiyo kuku aliyeiva vizuri si wa kuogopwa. Cha kuangalia zaidi ni mikono, vyombo na vinavyoliwa vibichi.

Mabaki ya dawa ni suala jingine. Hayo si viumbe, na kupika hakuyaondoi yote. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha utafiti uliokuta mabaki ya antibayotiki katika mayai ya wafugaji wadogo wa Manispaa ya Morogoro. Kinga yake ni kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza mayai au nyama. Mfugaji anayewahi kuuza kuku walio kwenye dozi ili asipate hasara huihamishia hasara hiyo kwa mlaji.

Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA tangu 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Kwa Mngeta, hatua yenye faida ya haraka ni chanjo ya mdondo ya I-2. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Banda lililochanjwa halina sababu ya kumwagiwa antibayotiki kila kuku wanapozubaa, na ofisa mifugo akiitwa mapema atatofautisha ugonjwa wa bakteria na wa kirusi.

Mgonjwa aliyezidiwa Mngeta wakati wa masika hupoteza saa nyingi njiani kabla ya kufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Akifika, dawa ya kwanza atakayopewa inapaswa kufanya kazi. Mfugaji anayechanja kuku wake leo anamlindia mgonjwa huyo dawa hiyo.