Tundu Dogo Kwenye Kidole cha Fundi Rangi

Pua ya mashine ya rangi ikiziba, mkono hutangulia akili. Fundi huipangusa kwa kidole cha shahada huku presha ingali ndani. Kinachofuata hakitishi: kitobo kama cha sindano, tone la damu, maumivu kidogo au hakuna kabisa. Anafuta damu na kurudi ukutani.

Kumbe kazi ya uharibifu ndiyo kwanza imeanza. Pampu zinazosukuma rangi yenyewe, bila kuichanganya na hewa, hufikia psi 3,000. Tairi ya gari dogo hujazwa takriban 30. Ngozi hutobolewa kwa psi 100 tu. Rangi ikishapenya hufuata mifereji ya kano, ikapanda kutoka kidoleni hadi kiganjani, pengine mpaka kwenye kigasha. Hubana mishipa ya damu, na tina (kiyeyushio cha rangi) iliyomo huunguza nyama kwa ndani. Glovu hazizuii. Rangi ya mafuta hudhuru zaidi ya rangi ya maji, ingawa hata aliyeingiwa na hiyo ya maji hupaswa kuonana na daktari mpasuaji.

Mwaka 2006 watafiti Hogan na Ruland walikusanya taarifa za majeruhi 435 wa aina hii. Asilimia 30 walikatwa kiungo. Walioingiwa na tina na vimiminika vya jamii yake walinusurika kukatwa mara nyingi zaidi walipofanyiwa upasuaji ndani ya saa 6.

Saa 6! Kwa fundi wa mji wa Mbarara, Uganda, hizo zinatosha. Kwa aliyeumia Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuna kama kilomita 60 kufika mjini, na kwanza lazima mtu aamini kwamba kitobo kile kinastahili safari. Kituo cha afya kikimpa dawa ya maumivu na plasta, muda unakwisha akiwa amelala nyumbani, na usiku mkono unavimba na kuwaka.

Basi maneno yana uzito. Mkimbizi Mkongo anayesema kwa Kiswahili kwamba “amechomwa kidogo” atatibiwa kama aliyekanyaga msumari. Aseme hivi: mashine ya presha imeingiza rangi ndani ya kidole, saa fulani, rangi ya aina fulani. Aende na mkebe wenyewe, daktari asome kilichomo. Mkono uinuliwe, usikandwe, wala kidole kisichomwe sindano ya ganzi, kwani huongeza mbano. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mbarara mara moja.

Haki pia ipo: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi Uganda, na sheria ya fidia inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini hata kama uzembe ulikuwa wa mfanyakazi mwenyewe. Vibarua wengi hawalijui hilo.

Kinga yenyewe huchukua dakika moja: kuzima pampu, kufunga kufuli ya kifyatulio, kufungua vali presha yote itoke, ndipo pua iguswe.