Ile Hela Itume Kwenye Namba Hii

Paukwa! Mbona mnaitikia kivivu? Paukwa! Haya, sasa sawa.

Palikuwa na mama mmoja, mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Asubuhi moja akianika dagaa wake, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Moyo ukamlipuka. Jana yake alichukua mzigo kwa mkopo, akamwahidi mwenye mtumbwi kwamba leo analipa. Akafuta shombo mikononi kwa kanga, akatuma.

Kumbe mwenye mtumbwi hakuandika chochote.

Mtaniuliza, tapeli alijuaje deni la yule mama? Wala hakulijua! Si mmewaona wavuvi wetu usiku, wanawasha taa ziwani, dagaa wanajileta wenyewe? Tapeli naye hamfuati mtu. Anabadilisha tarakimu za mwisho za namba, anamwaga ujumbe uleule kwa watu chungu nzima. Wengi wanaufuta. Lakini wajukuu zangu, hapa mjini nani hadaiwi? Atapatikana mmoja anayedaiwa leo, na huyo atajiambia mwenyewe "ile hela" ni hela gani.

Wengine hupiga kabisa: "Hongera, umeshinda zawadi!" au "Naongea kutoka makao makuu ya mtandao wako." TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeshasema: mtoa huduma wa mtandao wako atakupigia kwa namba 100 tu. Namba nyingine ikikuuliza namba ya siri, kata simu. Huo si utovu wa adabu, hata kama anakuita mwanangu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Mwaka 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Mngedhani matapeli wamekwisha. Wapi! Wakala asiye mwaminifu anakwambia, "Weka kidole tena, hakijasoma," kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako, anamuuzia mwizi. Katika taarifa za TCRA, Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa mbele kwa majaribio ya utapeli. Rukwa ni jirani zetu wa ziwa hilihili, na sisemi kila mtu wa kule ni tapeli, hasha.

Basi mkifika nyumbani, mwambieni mama apige *106#, muone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Ikiwemo asiyoijua, aende kwenye duka la mtandao huo ikafutwe. Ujumbe wa "ile hela" ukiingia, upelekeni 15040 pamoja na namba iliyoutuma, ipate kufungwa. Na kabla mama hajatuma hata shilingi mia, mwambieni ampigie anayemdai kwa namba yake ya siku zote, aisikie sauti yake.