Ngozi ya Chaza: Jinsi Uso wa Mwanasesere wa Kijapani Unavyotengenezwa

Ifikapo tarehe 3 Machi, familia nyingi za Japani zenye mabinti huwa zimeshapanga wanasesere wa sikukuu ya Hinamatsuri kwenye ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu. Seti kamili ina wanasesere 15: kaizari na mkewe juu kabisa, kisha wanawake watatu wa kasri, wanamuziki watano, mawaziri wawili na watumishi watatu. Mavazi yao ni ya kasri la zama za Heian, yapata miaka elfu moja iliyopita. Macho ya mgeni hukimbilia hariri. Mjuzi wa kazi hii huanza na uso.

Weupe wa uso huo unatokana na gofun, yaani unga wa makombe ya chaza. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua chokaa ya kuchoma matumbawe; gofun haipiti motoni. Makombe huachwa nje kwa miaka, yakipigwa jua na mvua hadi yalegee, kisha husagwa, na unga laini hutengwa kwa maji na kukaushwa. Unga mtupu haushiki popote, kwa hiyo huchanganywa na nikawa, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ikiwa bado vuguvugu.

Zamani kichwa kilichongwa kwa mti wa kiri, ambao ni mwepesi sana. Baadaye mafundi walianza kukanda vumbi la mti huohuo kwa gundi ya wanga wa ngano, wakalishindilia kwenye kalibu na kuliacha likauke. Macho ya kioo hupachikwa kabla uso haujaguswa na gofun.

Mkono wa kwanza wa gofun huziba vinyweleo na mikwaruzo. Unaofuata ni mzito zaidi, nao hudondoshwa kwenye pua, midomo na kope ili kuinua maumbo hayo, kisha kisu kidogo huyanyoosha. Halafu huja mikono ya kati, inayokaushwa na kusuguliwa, na mwisho mikono ya juu iliyo miepesi. Kichwa cha daraja la juu hupakwa mara nyingi, na hakuna tabaka linaloruhusiwa kuharakishwa.

Ugumu wote uko kwenye gundi. Inapokauka husinyaa na kuvuta kilicho chini yake. Tabaka la juu likiwa na gundi kali kuliko la chini, litalibandua au kulipasua, pengine mwanasesere akiwa ameshanunuliwa. Kwa hiyo gundi hupunguzwa kidogo kila mkono unapoongezwa. Ikipunguzwa mno, uso huacha unga kwenye vidole. Tena hali ya hewa nayo hubadilisha mwenendo wa mchanganyiko, ndiyo maana kipimo cha juzi huenda kisifae leo.

Kufikia hapo gofun imeyafunika macho yote mawili. Fundi hushika kisu chembamba na kuyafumbua, akikata kope taratibu mpaka kioo kionekane. Akizidisha unene wa unywele mmoja, mwanasesere mtulivu atakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka.

Mara nyingi fundi wa kichwa hamalizi mwanasesere. Katika Iwatsuki, eneo la mkoa wa Saitama linalosifika kwa kazi hii, kuna mafundi wa vichwa, wa nywele, wa mikono na miguu, wa vifaa vidogo kama upepeo na upanga, na wa mavazi. Fundi wa mavazi ndiye anayekunja mikono yenye waya ndani, na mkunjo huo humtambulisha kwa wanaomjua.

Si wanasesere wote wanaopita njia hii. Wale wa Hakata, huko Fukuoka, ni udongo uliochomwa na kupakwa rangi bila kung'arishwa. Kokeshi wa kaskazini mashariki mwa nchi hukerezwa kwa mbao kwenye mashine, na walianza kuuzwa kwa wageni wa chemchemi za maji moto.

Kwa muda mrefu kazi hii ilihesabiwa kuwa biashara ya mikono tu. Mwaka 1927 Wamarekani walipeleka Japani wanasesere zaidi ya 12,000 kwa ajili ya urafiki wa watoto, na Japani ikajibu kwa wanasesere 58 wakubwa waliopakwa gofun. Mmoja wa waliowatengeneza, Hirata Goyo, alitunukiwa na serikali mwaka 1955 heshima inayojulikana kama Hazina Hai ya Taifa, pamoja na Hori Ryujo.

Anayemiliki mwanasesere wa namna hii akumbuke kwamba nikawa huyeyuka kwa maji. Usimfute kwa kitambaa kibichi. Mpanguse vumbi kwa brashi laini. Wajapani husema kuwa kuchelewa kuwaondoa wanasesere baada ya sikukuu humchelewesha binti kuolewa. Fundi anayo sababu yake mwenyewe ya kuhimiza haraka: wafungashwe siku kavu, kabla ya msimu wa mvua, kwa sababu unyevu hulegeza gundi na kualika kuvu. Uso ukiharibika hata hivyo, tabia hiyohiyo ya gundi humfaa mrekebishaji: huilowesha gofun, akaibandua na kuupaka uso upya.