Esanse, Mazutu na Petroli: Jueni Mnachoweka Nyumbani

Tangu umeme ulipokatika mjini wakati wa vita vya Januari 2025, wengi wametamani kuwa na mashine ya umeme, na wenye mashine huweka mafuta. Tuanze na majina. Hapa Goma tukisema petroli, twataka mafuta ya taa. Mtu wa Kenya au Tanzania akisema petroli, ataka ile tuitayo esanse. Na mazutu yetu kwake ni dizeli. Ukitia esanse katika taa ya utambi, yaweza kulipuka mkononi. Basi, andikeni jina juu ya kila bidoni, na mnunuapo, semeni ni mafuta ya kazi gani.

Esanse ndiyo kali. Hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na Goma hakuna baridi ya namna hiyo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Mwajua mazuku, ile hewa mbaya ikaayo mabondeni, iuayo mbuzi na watoto? Mvuke wa esanse nao hutambaa chini, hauonekani, hata ufikie makaa ya jikoni. Ndipo moto hurudi kwa njia ile ile mpaka kwenye bidoni.

Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi, na mazutu zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo mashine ya mazutu ni salama zaidi. Lakini mazutu yakimwagika juu ya bomba la moto, au yakilowa kitambaa, huwaka vizuri sana.

Januari 2002, siku chache baada ya Nyiragongo kumwaga moto mjini, kituo cha mafuta kililipuka hapa Goma, watu wakiwa wanachota. Makumi walikufa. Tena huko Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na ndoo. Zaidi ya 230 walikufa, na wengine hawakuchota hata tone: walikuwa ndani wakitazama mpira.

Wekeni mafuta nje, katika kibanda chenye matundu ya hewa chini na juu, chenye kufuli, mbali na jiko. Msijaze bidoni mpaka mdomoni, maana mafuta huvimba kwa joto. Zimeni mashine, ipoe, ndipo mtie. Wala isifanye kazi ndani ya nyumba au barazani: moshi wake una hewa isiyo na harufu, nayo huua waliolala.

Chupa ya soda isitiwe mafuta kamwe, kwa kuwa mtoto hajui kusoma. Akinywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mleteni hospitali upesi, pamoja na chupa yenyewe.