MARSHALI NA KONSTEBO WALITOKA ZIZINI
Ufundi wa kuwavisha farasi viatu, na mafunzo yake kwa askari

Askari anayeshika zamu kwenye forodha ya Rumonge huona vyombo vya kila namna vikipita mbele yake: mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mukeke, mashua za mbao zenye injini, malori yaliyopakia mawese yakielekea Bujumbura, baiskeli na pikipiki. Farasi hamwoni. Wakazi wengi wa mwambao huu, tangu Bujumbura hadi Nyanza-Lac, wamezaliwa na kuzeeka bila ya kumwona mnyama huyo ila katika picha.

Hata hivyo, ndugu wasomaji wetu mlio katika majeshi na polisi, mnyama huyo ameacha alama yake katika vyeo vyenu. Kwa sababu hiyo tumeonelea vyema leo kuwaeleza habari za ufundi mmoja ambao haufundishwi mahali popote katika mwambao wetu, lakini ambao kwa karne nyingi majeshi makubwa ya dunia yalisimama au kuanguka kwa ajili yake. Nao ni ufundi wa kuwapiga farasi viatu vya chuma.

Tuanze na vyeo. Neno la Kifaransa "maréchal" limetokana na maneno mawili ya kale ya Kijerumani, moja likiwa na maana ya farasi na la pili likiwa na maana ya mtumishi. Marshali wa kwanza, basi, alikuwa mtumishi wa farasi. Kadiri wafalme wa Ulaya walivyozidi kutegemea askari wapanda farasi, ndivyo mtumishi huyo alivyopanda daraja, hata jina lake likawa cheo cha juu kabisa cha kijeshi. Ng'ambo ya ziwa letu, Mobutu Sese Seko alipotwaa cheo cha Marshali mwaka 1982, alijitwalia bila shaka pasipo kukusudia jina la mtu wa zizini. Na hata leo Mfaransa akimtaja fundi wa viatu vya farasi humwita "maréchal-ferrant", na katika jandarmeria ya Ufaransa "maréchal des logis" ni cheo cha askari wa ngazi ya sajini.

Polisi nao wasicheke. Neno konstebo asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mkuu wa zizi. Katika Ufaransa ya zamani mwenye cheo hicho alifikia kuwa amiri wa jeshi lote la mfalme, mpaka cheo chenyewe kilipofutwa mwaka 1627. Kwa hiyo marshali na konstebo, tukiwafuatia nyuma vya kutosha, tunawakuta wote wawili wakitoka zizini.

Kwa nini farasi hakufika kwetu? Jibu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mnamo mwaka 1895 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, aligundua kwamba ugonjwa wa nagana unaowaua ng'ombe na farasi husababishwa na vimelea wadogo waishio katika damu, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wao. Mwaka 1909 Friedrich Kleine, daktari wa Kijerumani aliyekuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba vimelea hao hukua kwanza ndani ya mwili wa mbung'o kabla ya kuweza kumwambukiza mnyama mwingine. Jamii ya vimelea hao ndiyo iletayo malale kwa binadamu, ugonjwa uliowatesa sana watu wa mwambao wa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Tena farasi ana adui wa pili, nao ni ugonjwa wa virusi uenezwao na usubi, ambao huweza kumwua kwa muda wa siku chache tu.

Historia yatoa ushahidi. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, wakiwa hawajakaribia hata Unyanyembe. Stanley alipofika Ujiji, na baadaye yeye na Livingstone walipopita kwa mtumbwi katika maji haya yetu hadi Mugere, kusini ya Bujumbura, ambako jiwe la ukumbusho lina tarehe ya 25 Novemba 1871, farasi wake walikuwa wamekwisha oza zamani.

Yakaja makubwa zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Aprili 1916 jenerali van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kwenda kuitwaa Kondoa Irangi. Mji aliutwaa, lakini mamia ya farasi walikufa kwa maradhi na uchovu, na kikosi kilichotegemewa kwa wepesi wake kikabaki kimekwama. Mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Burundi, yakaingia Kitega mwezi wa Juni, na kufika Tabora mwezi wa Septemba. Majeshi hayo yalitembea kwa miguu, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi. Mahali ambapo farasi hakuweza kuishi, binadamu aligeuzwa kuwa mnyama wa mizigo, na katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walipoteza maisha yao. Tusilisahau jambo hilo tunapozungumza habari za farasi.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Ukwato wa farasi ni kitu cha jamii moja na kucha za binadamu. Huota kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi. Farasi wa porini husaga kwato zake mwenyewe kwa kutembea, lakini farasi abebaye mtu na silaha juu ya barabara ya mawe husaga kwato upesi kuliko zinavyoota, kisha huanza kuchechemea. Ndiyo sababu huvishwa chuma. Lakini chuma hakisagiki kama ukwato, na ukwato huendelea kuota juu yake. Kwa hiyo kila baada ya wiki 6 hadi 8 viatu hung'olewa, ukwato hukatwa na kusawazishwa kwa tupa, na viatu hupigwa upya.

Hapo ndipo penye hatari. Sehemu ya nje ya ukwato ni mfu, haina damu wala maumivu, na ndiyo sababu fundi aweza kukiweka kiatu cha moto juu yake, moshi ukafuka, na farasi akatulia. Lakini ndani ya ukuta huo mna nyama hai, mishipa na mfupa. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana chini ya ukwato kama mstari mweupe mwembamba. Kila kiatu hupigwa misumari 6 hadi 8 kwa kawaida, na kila msumari sharti uingie upande wa nje wa mstari huo. Msumari wenyewe umechongwa ncha yake upande mmoja ili ukipigwa uelekee nje, utokeze ubavuni mwa ukwato, kisha ukatwe na kukunjwa. Ukiingia ndani kwa upana wa punje chache za mchele, farasi amejeruhiwa. Usaha hufanya ndani, mguu huwa moto, na mnyama aliyegharimu fedha nyingi hawezi kupiga hatua.

Kwa sababu hiyo ufundi huu haujifunzwi kwa siku mbili. Katika Uingereza mwanafunzi hukaa chini ya fundi aliyehitimu kwa muda wa miaka 4 hivi, huku akienda chuoni kwa vipindi. Na jeshi lina shule yake katika mji wa Melton Mowbray, wanakofundishwa pia watunzaji wa mbwa wa kijeshi. Mwanzoni mwanafunzi hufagia, hushika farasi, huwasha moto, na hujifunza kung'oa viatu vilivyochakaa. Tena hufundishwa kumkaribia farasi: aende ubavuni karibu na bega, aseme naye, aupapase mguu kutoka juu kwenda chini, ndipo auinue. Mguu wa mbele huubana kati ya magoti yake, mgongo ukiwa umeinama. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na fundi huyu huinama maisha yake yote.

Baada ya hapo hupewa kipande cha chuma kilichonyooka. Hukitia motoni, hukisoma kwa rangi yake, maana chuma chekundu kilichofifia hakikunjiki vizuri, na chuma kilichozidi weupe huungua na kuharibika. Juu ya fuawe hukikunja, hukichonga mfereji wa kupokea vichwa vya misumari, hutoboa matundu, na hukilinganisha na ukwato. Kiatu ndicho kinachofuatishwa ukwato; fundi mvivu akataye ukwato ili ufuate kiatu hahesabiwi kuwa fundi. Mwanafunzi husoma pia majina ya mifupa na mishipa yote ya mguu, na mwisho hutahiniwa kwa maneno na kwa mikono, saa ikiwa mbele yake.

Sheria nazo hazikuachwa nyuma. Mwaka 1356 Meya wa London, Henry Pykard, aliwaita mafundi wa viatu vya farasi wa mji huo, ambao wakati huo nao waliitwa mamarshali, kwa sababu ya madhara yaliyofanywa na wasiojua kazi. Chama kilichotokana na mkutano huo kipo hata leo. Na mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba asiyeandikishwa katika daftari la mafundi asimpige farasi viatu, ili kuwaepusha wanyama na mateso ya wasiojua.

Kama kuna askari anayeona kuwa haya ni mambo madogo, na asome habari za mwaka 1812. Mfalme Napoleon wa Ufaransa aliingia Urusi akiwa na farasi zaidi ya 100,000. Majira ya baridi yalipokuja wakati wa kurudi nyuma, njia ziligeuka barafu. Farasi wengi walikuwa na viatu vya kawaida, visivyo na meno ya kushika barafu. Waliteleza, wakaanguka, wakashindwa kuinuka, na mizinga na magari ya chakula vikaachwa njiani. Caulaincourt, aliyekuwa msimamizi mkuu wa farasi wa mfalme, aliwavisha farasi aliowasimamia viatu vya barafu mapema, na katika kumbukumbu zake alieleza kwamba kukosekana kwa viatu hivyo kulikuwa mojawapo ya sababu kubwa za maangamizi yale.

Katika kikosi cha wapanda farasi wanaomlinda mfalme wa Uingereza, fundi wa viatu hupita katika gwaride amebeba shoka linalong'aa. Si pambo tupu. Zamani farasi alipojeruhiwa vibaya vitani, fundi alimwua ili asiteseke, kisha alimkata ukwato uliopigwa namba ya kikosi, akaurudisha kwa mtunza ghala. Ukwato ulikuwa hati ya kwamba mali ya jeshi imekufa kweli, haikuuzwa wala haikuibiwa. Mwenye kutunza ghala la silaha atalielewa shoka hilo bila ya kuhitaji maelezo zaidi.

Barani Afrika farasi wa vyombo vya usalama wangalipo katika baadhi ya nchi. Senegal ina askari wapanda farasi katika jandarmeria yake, na polisi wa Lesotho, nchi ya milima na baridi, hata jina la jeshi lao ni la wapanda farasi. Kwa upande wa punda, mafundi wa Afrika Mashariki kwa kawaida hawawapigi viatu, bali hupunguza kwato zao, kama ifanywavyo Lamu, ambako hospitali ya punda ilifunguliwa mwaka 1987.

Na sisi wa Rumonge je? Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi za Maziwa Makuu. Huko Buhaya, ng'ambo ya mashariki, wataalamu wa mambo ya kale wamegundua matanuri ya kuyeyushia chuma ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika Burundi mhunzi, ambaye Warundi humwita umucuzi, ndiye aliyetoa jembe la mkulima na mkuki wa askari, na kazi yake ilirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Waswahili husema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba asiyekuwa tayari kushika nyundo na ashike mivukuto, ajifunze kwa kutazama, zamu yake itafika. Mafundi wa mashua wa mwambao wetu hujifunza kwa njia iyo hiyo, na msumari uliopigwa vibaya katika ubao huonyesha kosa lake katikati ya ziwa, usiku, penye watu ndani.

Hatudai kwamba Rumonge ijenge shule ya viatu vya farasi. Hiyo itakuwa sawa na kufundisha kuogelea jangwani. Tunalosema ni kwamba kila chombo kinachombeba askari kina ukwato wake. Kwa polisi wa doria ya ziwani ni injini ya mashua. Kwa dereva wa lori ni breki na magurudumu. Kwa askari wa miguu ni viatu vyake mwenyewe na nyayo zilizomo ndani yake. Mara nyingi vitu hivyo vimeachwa kwa kijana mmoja asiye na cheo, anayefanya kazi ameinama, mikono yake ikiwa na mafuta, wala hakuna ampigiaye saluti.

Basi kila kiongozi wa kikosi na amjue fundi huyo kwa jina, ampe zana zake kwa wakati na muda wa kutosha wa kujifunza, na amsikilize anaposema kwamba chombo hakifai kutoka. Nawe kijana uliyepewa kazi hiyo usiidharau. Ijifunze mpaka mwisho wake, maana utakapoivua sare hutaondoka mikono mitupu.