Mtoto anayeharisha asinyimwe chakula

Akina mama wanaoshuka na watoto kutoka milimani Uluguru hutuambia mara nyingi: "Sista, anaharisha, nimemnyima uji ili tumbo lipumzike." Nia ni njema. Lakini utumbo hauponi kwa njaa.

Chakula kikitoka kwenye mfuko wa tumbo huingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Hapo hukutana na nyongo na maji ya kongosho, kikavunjwa kuwa chembe ndogo sana. Ukuta wa ndani si laini kama bomba. Una mikunjo, na juu yake vijidole vingi vya urefu wa milimita 1 au chini ya hapo, vyenye mishipa ya damu ya kubeba chakula. Futa maji kwa kanga, kisha kwa taulo, utaona faida ya manyoya yale. Zamani tulifundishwa kwamba eneo lake lote ni sawa na uwanja wa tenisi. Vipimo vya mwaka 2014 vimelishusha hadi mita za mraba 30 hivi. Bado ni sakafu ya chumba kikubwa!

Baadhi ya vijidudu vya kuharisha hunyoa taulo hilo. Mwili hulifuma upya, kwani ngozi ya vijidole hubadilika kila baada ya siku 3 hadi 5, lakini kazi hiyo yataka chakula, tena kinachopita mle mle utumboni. Mtoto aliyefungishwa hubaki na taulo lililochakaa, na akila baadaye chakula hakimfai sawasawa.

Hata utumbo ulioumia una mlango ambao sukari na chumvi huingia pamoja, na maji hufuata. Ndiyo siri ya pakiti ya ORS. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti; ukizidisha maji au ukipunguza, unaharibu dawa.

Basi mnyonyeshe zaidi. Aliyeanza kula apewe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye karanga, ndizi ya kupondwa, mafuta kijiko. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2. Vidonge vya zinki amalize siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekuwa kigumu.

Akishindwa kunywa, macho yakibonyea, au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi, mlete.