Spea Adimu za Gari la Kale: Jinsi ya Kulipa Bila Kujuta

Una Land Rover ya mzee iliyolala Mji wa Kale, hatua chache kutoka baharini? Au Land Cruiser ya zamani uliyoipata kwa bei nafuu na sasa unataka irudi barabarani? Kazi nzuri, lakini si rahisi. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo dizeli hizi za kale haziletwi tena na meli. Zilizobaki ndizo hizi tulizo nazo, na hewa ya chumvi ya kisiwani inazila taratibu. Bodi ya Land Rover ya kale ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma, na hapo ndipo kutu hujificha.

Wa kuchomelea na kupiga rangi utampata hapa hapa Mombasa. Kinachosumbua ni spea. Huenda ikatoka duka la mtaani, Grogan kule Nairobi, Dubai au hata Uingereza. Mara nyingi muuzaji humjui, na pesa yako inamfikia kabla spea haijakufikia wewe. Leo tunakueleza jinsi ya kujilinda.

1. Jua unachonunua kabla ya kuweka PIN

Si kila hasara ni utapeli. Wakati mwingine muuzaji ni mkweli, spea ni orijino, lakini haiingii.

Mfano: injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.25. Za kabla ya 1980 zina krankishafti inayokaa kwenye beringi kuu 3. Zilizofuata zina 5. Ukubwa wa injini ni ule ule, lakini krankishafti ya moja haikai kwenye nyingine. Au chukua Land Cruiser: nyingi za dizeli zilizotengenezewa soko la Japani zilitumia stata ya volti 24. Ukiifunga kwenye gari lako la volti 12, haitakuwa na nguvu ya kuwasha injini.

Kwa hivyo mpe muuzaji namba ya injini na picha ya spea yako kuukuu. Naye akutumie video akiwa ameishika spea yenyewe, namba yake ikisomeka. Fundi wako aione kwanza, ndipo ulipe.

2. Soma jina, usiharakishe

Kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu. Lisome. Kama duka lina till, lipa kwa till, na jina lilingane na la duka. Ukiambiwa "till ina shida leo, tuma kwa namba ya shemeji", simama hapo. Piga simu dukani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyotumiwa.

3. Gawa malipo

Tuseme pampu ya dizeli ni Sh40,000. Kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi: Sh10,000 za kushikilia, na Sh30,000 baada ya mzigo kufika ofisi ya basi Mwembe Tayari na fundi kuukagua. Muuzaji akitaka zote mbele, mwombe ndugu au rafiki aliye Nairobi apite dukani aione pampu kwanza. Nauli yake ni ndogo kuliko hasara.

4. Kurejesha pesa kuna mipaka

Hapa wengi hukosea. Huduma ya kurejesha pesa ni ya muamala uliokosewa, kwa mfano ukibonyeza tarakimu isiyo sahihi. Ukigundua kosa, ripoti mara moja. Mpokeaji akishazitoa, huenda kusiwe na cha kurejesha.

Lakini ukimlipa muuzaji uliyemkusudia kisha spea isifae, huo ni mzozo wa biashara. Hatuwezi kuingia kwenye akaunti yake na kuchukua pesa. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi ni muhimu, na kama umetapeliwa, peleka rekodi zako polisi.

5. Ushuru haulipwi kwa namba ya mtu

Umeagiza spea kutoka nje? Huenda ukapokea ujumbe kwamba mzigo "umekwama bandarini", tuma pesa uachiliwe. Ushuru wa forodha hulipwa kwa KRA, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wao. Kama unatumia wakala, mwombe hati ya malipo uione kabla hujatuma chochote.

6. Tunza rekodi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usifute ujumbe wa malipo. Pakua taarifa ya akaunti yako kila mwezi na uiweke pamoja na risiti za duka. Kwa injini ni muhimu zaidi: ukiibadilisha, namba mpya inafaa iingie kwenye rekodi za NTSA, na utahitaji kuonyesha ulikoipata. Injini ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kukuletea kesi ya mali ya wizi.

Una swali kuhusu malipo yako? Wasiliana nasi kupitia huduma kwa wateja. Na kumbuka, hatutakuuliza PIN yako kamwe, hata ukiwa na haraka ya kuwasha gari.